Kwa Sifa, Anayekwenda Kupima Sumu ya Mihogo

Sifa mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia kutoka hapa nilipo. Uko kanisani, wanakwaya wenzako wanakuaga, na sauti yako ndiyo ile inayotangulia ngoma kama kawaida yako. Mwalimu wa kwaya amechoka kukuambia, mimi nimechoka kukuambia, na kuanzia kesho hakutakuwa na wa kuambiwa. Nimefunga duka mapema. Nimekaa juu ya gunia la chumvi na kalamu ya mdogo wako, ninaandika kabla hujarudi.

Hutakuta humu habari za koti, wala za kuchemsha maji, wala za kujihadhari na wanaume wenye maneno matamu. Hayo nimekuimbia mpaka ukawa unaniigiza mbele ya wageni. Kuhusu lori la Papa Kasereka, yule mfanyabiashara wa Butembo anayetuletea sabuni, nimekwisha kusema naye: utakaa mbele karibu na dereva, si juu ya mizigo. Yaliyobaki ni ya Mungu na ya wenye bunduki watakaokuwa barabarani siku hiyo.

Ninaandika kwa sababu ya maneno niliyoyasikia leo mchana. Ulidhani nimekwenda sokoni, kumbe nilikuwa nyuma ya pazia napanga chupa za mawese. Ulikuja mpaka kwenye meza ya mdogo wako Bauma, mbele ya duka, pale anapotengenezea simu za watu, ukapiga magoti.

"Bauma, nikifika kule nitajifunza kutengeneza ile chombo mpaka itakamata sumu. Njo vile nitakulipa."

"Utanilipa nini?"

"Miguu. Ni miye nilitoa ile muhogo mu maji."

Alicheka kwanza, akidhani ni mzaha wenu wa kila siku. Alipoona machozi akaweka chini kile chuma chake cha moto. "Dada, hii miguu iko yangu. Miye njo natembea nayo, hapana weye. Simama basi, bantu batawaza niko nakudai feza."

Sikutoka. Nilibaki na chupa mkononi, mafuta yananimwagikia kwenye kitenge, wala sikuyafuta. Tunaishi watatu katika vyumba viwili, nasikia hata unavyojigeuza usingizini, na miaka yote hii sikujua kwamba unatembea na mzigo huo. Ndiyo maana ulisoma kemia. Mimi nilikuwa nawaambia wateja kwamba umerithi akili ya papa yako.

Sasa nisikilize, maana wewe ulikuwa mdogo na umekumbuka vibaya.

Sisi si watu wa huku. Wewe unajiita mtu wa Mubi, unazijua pikipiki zote kwa mlio wake, lakini ulizaliwa Nyamitaba, juu, kwenye baridi na majani mafupi. Tulikuwa na ng'ombe. Tulikula viazi, maharagwe na maziwa ya kuganda, na muhogo wetu ulikuwa ule mtamu ambao mtu anauchoma na kuula akiwa shambani. Vita vilipopanda mlima sisi tulishuka, papa yako mbele, Bauma mgongoni mwangu, wewe umeshika kitenge changu kwa meno kwa sababu mikono yako ilikuwa imebeba sufuria. Tulishuka mpaka msitu wa Walikale ukatumeza.

Aliyetupokea ni Mama Riziki. Unamkumbuka, yule mwenye sauti kubwa na mikono mikubwa zaidi. Alitupa pembe ya shamba lake bila kutuuliza kabila. Mihogo ya huko ilikuwa michungu, ile ambayo hata nguruwe wa porini anafikiri mara mbili, na yeye alinipeleka kijitoni akanionyesha jinsi wanavyoiloweka chini ya mawe.

"Mama Sifa, hii muhogo iko na hasira," aliniambia. "Uiache mu maji mpaka kidole kitaingia kyenyewe. Hapana kulazimisha."

Nami nilifanya nini? Nilishika pua. Mbele yake, katika maji yake. Moyoni nilisema, watu hawa wa msituni wanaozesha chakula kizuri halafu wanakiita ufundi. Akanipa nyama ya porini aliyoikausha juu ya moshi, nikamrudishia, nikasema sisi ni watu wa maziwa. Maziwa yenyewe yalikuwa wapi? Ng'ombe walikuwa wameliwa na jeshi, sijui lipi. Lakini kiburi cha mtu wa milimani hakihitaji ng'ombe, kinajisimamia chenyewe. Juzi uliponieleza kwamba mwili unataka nyama, samaki au maharagwe ili uweze kuishinda ile sumu, niliinuka nikaenda kufagia uwanja ambao ulikuwa umekwisha kufagiwa. Ulinishangaa. Nilikuwa namfikiria Mama Riziki akiwa amenyoosha mkono na ile nyama.

Basi vita vikatufuata huko huko. Wenye bunduki walijua kijito kuliko sisi. Walikuja alfajiri wakachukua mihogo iliyolowekwa, maana hiyo mtu hahitaji kuihangaikia sana, unaikausha kidogo na kuitwanga. Mwanamke anaweka mihogo yake chini ya mawe, anahesabu siku, anakwenda kuitoa na kukuta mawe matupu. Ndipo kijiji kizima kikaanza kuitoa kabla ya wakati. Si mimi peke yangu. Hata Mama Riziki, aliyejua kuliko sisi sote, aliitoa yake kabla ya wakati, na binti yake anatembea kwa fimbo mpaka leo. Sikiliza hilo vizuri. Kujua hakukumsaidia.

Jioni ile nilikutuma. Papa yako alikuwa njiani na mzigo wa watu, na habari zilikuwa zimefika kwamba wale wanaume wamelala kijiji cha pili. Ulikwenda na beseni, ukarudi nalo tupu. Ukasimama mlangoni, maji yanakuchuruzika, ukaninyooshea kidole.

"Mama, hakiingie."

Ulikuwa umejaribu muhogo mmoja mmoja. Ukucha wako ulikuwa na damu. Nikakuambia, "Toa vile vile." Ukarudi kijitoni ukaitoa vile vile, kwa sababu mama yako alikuamuru.

Hayo ndiyo yaliyotokea, Sifa. Ulipima, ukaja kusema ukweli, tena kwa mtu aliyekuwa hataki kuusikia. Wewe umekumbuka mikono yako ikitoa mihogo, ukasahau kinywa chako kikisema. Na usidhani kwamba hapa ninaungama. Jioni ile ikirudi, na watu wale wako njiani, na ninyi wawili mnalia njaa, nitakutuma tena. Sikuwa na kitu kingine cha kuwapa. Anayestahili kupiga magoti mbele ya Bauma hayumo katika nyumba hii, na wala hatakuja.

Tulikula hivyo majuma mengi. Halafu asubuhi moja Bauma alishuka kwenye mkeka aende kukojoa, miguu ikakataa. Hakuwa na homa, hakuwa na maumivu. Jana yake alikuwa anafukuza kuku. Magoti yalikuwa yamegandana na vidole vimeelekea chini, akatutazama akitusubiri tumwambie ni nini. Wazee wa kijiji walitaka kumfanyia dawa zao, watu wa kanisa walitaka kumfungia maombi, mimi nilikubali yote mawili na sikumwambia yeyote kuhusu mwenzake. Papa yako alimbeba mpaka Walikale. Muuguzi alikuwa ameona wengi wa namna ile, akasema ni muhogo, haitazidi hapo lakini haitarudi nyuma. Papa yako alirudi naye mgongoni njia nzima.

Mgongo ule, Mungu amrehemu, ulibeba mambo. Unajua kazi yake ilikuwa kutoa kasiterite, lile jiwe zito, mashimoni na kuileta barabarani, hapa Mubi, kwa miguu, siku kwa siku ndani ya matope, gunia limefungwa kwa kamba kwenye paji la uso. Wanajeshi walikula kwa ajili ya jiwe hilo, wafanyabiashara walijenga kwa ajili ya jiwe hilo, na yeye alikufa kwa homa akiuliza kama kuna mtu amelipokea gunia lake. Hakujua jiwe lile linakwenda kufanya nini. Alisikia tu kwamba wazungu wanalitia ndani ya simu.

Ndiyo maana siku ile ulipofika likizoni kutoka Goma na vile vipande vyako vya plastiki ndani ya kopo la biskuti, nilikusikiliza kuliko ulivyodhani. Ulitukalisha chini kama watoto wa shule.

"Mama, chuma ikikaa mu hewa inavaa kutu, sivyo? Na etain, ile bati Bauma anachomea simu, iko na kutu yake. Ile jiwe Papa alikuwa anabeba iko njo kutu ya etain."

"Ah! Yaani bwana yangu alivunjika mugongo juu ya kutu!"

Bauma alicheka mpaka akapaliwa. Wewe hukucheka, ulikuwa umekwisha kuingia katika mambo yako. Ulituambia kwamba katika maabara hawatumii jiwe lenyewe, wanaitengeneza kutu ile upya, safi, chembe ndogo kuliko unga wowote wa dunia, ndogo hata hadubini ya shule haizioni. Ukachukua kipande cha muhogo mkavu na konzi ya unga ukaviweka katika maji. Unga ulilowa papo hapo, kipande kikabaki kikavu ndani. Ukasema ndivyo ilivyo: kitu kikisagwa sana kinapata ngozi nyingi, na ngozi nyingi inagusa sumu nyingi. Unaupaka unga wa kutu kwenye ncha ya kipande cha plastiki, unapitisha umeme kidogo wa betri, unaichovya ncha ndani ya maji ya mihogo. Sumu ikigusa, umeme unabadilika, namba inaonekana kwenye kioo cha chombo. Wengine wanajaribu kutu ya shaba, wengine ya zinki, na bado wanatafuta ipi itaikamata sumu ya muhogo bila kudanganyika. Sikuelewa yote. Lakini nilielewa kwamba kuna watu mahali fulani wanaamka asubuhi na kazi yao ni kutafuta kile ambacho kidole chako kilitafuta, nikashukuru.

Kisha tukaenda kupima. Katika maji ya chupa namba ilitulia. Katika maji ya mihogo iliyolowekwa usiku mmoja namba ilipanda, nawe ukaruka ukapiga kelele kama mtu aliyefunga bao. Nilimwona mtoto wangu siku ile, Sifa. Sura hiyo sikuwa nimeiona tangu Nyamitaba. Tukachovya katika maji ya mihogo iliyokwisha kuiva, ambayo tunaila kila siku bila shida, namba ikapanda zaidi. Tukachovya katika maji ya kijito matupu, karibu na mahali watu wanapofulia, ikapanda vile vile. Ukafunika uso. Bauma akachukua kile chombo, akakifungua, akakigeuza, akakufunulia uso kwa mkono wake mwingine.

"Waya iko muzuri, dada. Inaona vitu mingi tu. Haijue kuchagula."

Nikuambie jambo ambalo si zuri? Nilifurahi. Ulilia, nami mama yako nilikuwa nakukandamiza kichwa kifuani na moyoni naimba, kwa sababu nilidhani sasa imeshindikana, atabaki, atafundisha hapa shuleni, ataolewa karibu. Halafu barua ya maabara ile ya mbali, uliyoiandikia habari hizo, ikaja, kwamba wanataka mtu aliyekwisha kuona kazi ikishindwa katika maji halisi. Kumbe kushindwa kwako ndiko kulikokufungulia mlango. Siku ile sikugusa chakula. Uliniuliza kama naumwa tumbo.

Huko unakokwenda watakupa maji safi, maangavu, ya kupimiwa. Chombo chako kitapendeza humo. Watapiga makofi. Lakini maji yetu unayajua: yana udongo, yana majani yaliyooza, yana sabuni ya wake za watu, yana uchachu wa mihogo ya majirani. Mpaka chombo kijue kuchagua ndani ya maji hayo, usikubali kusema kimeweza. Watakuwa na haraka. Wasomi nao wana njaa yao, wanataka habari njema kabla haijaiva, na baadhi watakuwa wakubwa wako na watakuambia itoe vile vile. Wewe uliwahi kusimama mbele ya mama mwenye njaa ukamwambia hapana. Huyo ndiye mtu ninayempeleka kwao.

Na jambo lingine, nalo ni gumu kuliko yote. Hata kama jioni ile ungekuwa na chombo hicho mkononi, kimekamilika, kinasema kweli, kingeniambia tu kile ulichoniambia wewe. Nami ningepika. Chombo hakifukuzi bunduki kijitoni. Kitamfaa mama mwenye nafasi ya kuchagua, atakayejua unga wa soko hili ni mbaya na wa soko lile ni mzuri, atakayejua aina ipi ya mche aipande na aloweke mpaka lini. Hao ni wengi, Sifa, na ni kazi nzuri kuwafanyia. Ifanye kwa sababu ni nzuri na kwa sababu niliiona sura yako namba ilipopanda. Lakini miguu ya Bauma haimo katika kazi hiyo. Ukiiweka humo, kila mara chombo kitakaposhindwa utakuwa umemwangusha mdogo wako upya, nawe utachoka, au mbaya zaidi, utaanza kuona namba zisizokuwepo.

Halafu mtazame Bauma mwenyewe, kama unamtazama. Yeye hasubiri chochote. Ana meza yake, ana wateja wanaotoka hata kwenye machimbo ya Omate na simu zilizojaa matope ya dhahabu, na yule binti anayeuza vocha anapita hapa mara nyingi kuliko simu zinavyoharibika. Jioni hii nimemuuliza ulimwambia nini mchana, nikajifanya sijui. Akasema, "Mambo ya batoto, Mama. Anaogopa kwenda, njo anatafuta sababu." Labda amekuona vizuri kuliko mimi.

Kesho mtapanda kuelekea Masisi. Nyamitaba haiko kwenye barabara hiyo, dereva hatakatiza kwa ajili yako, na sitaki umwombe. Lakini kuna mahali msitu unaishia na milima ya nyasi inaanza, hewa inakuwa nyembamba na inanuka ng'ombe. Ukifika hapo fungua kioo, hata kama dereva atalalamika baridi. Vuta hewa hiyo kwa ajili yangu. Sijarudi huko tangu tuliposhuka. Wanasema nyumba yetu wanaishi watu wengine, na kwamba kilima cha nyuma kimelimwa chote. Nilipokuwa kijana nilifikiri hamu inachakaa kama nguo, kwamba utaivaa miaka kadhaa halafu itachanika yenyewe na utaitupa. Haichakai. Bado naamka nikitafuta kwa mguu kizingiti cha mlango ule. Huku Mubi nimezika mume, nimelea watoto, nimepata duka, na kuna siku nasimama mbele ya maziwa ya kopo sokoni mpaka mwenye duka ananiuliza kama nanunua.

Basi najua ninachokwenda kupata kesho. Nimekuwa na hamu ya mahali, sasa nitakuwa na hamu ya mtu, na sijui kama kifua hiki kina nafasi ya vyote viwili. Nitapika ugali mwingi kupita kiasi. Nitaita jina lako nikimtaka Bauma. Asubuhi hizi za mwisho nimekuwa nikichelewa kukuamsha makusudi, nikae kidogo nakuangalia ukiwa umefungua kinywa, na wewe ukaniambia nimezeeka nasahau saa.

Pale penye lori nitakuwa mkali. Nitamgombeza dereva kwa ajili ya turubai, nitamgombeza Bauma kwa kusimama juani, nitakugombeza wewe kwa chochote kitakachokuwa karibu. Usinielewe vibaya. Nikinyamaza nitakushika mguu mbele ya Mubi nzima na hutaweza kupanda. Ndiyo maana nalisema hapa, mahali ambapo siwezi kukushika.

Huna deni, mwanangu. Si kwangu, si kwa Bauma. Chombo kikiweza, rudi. Kisipoweza, rudi. Ukikuta kule kazi nyingine unayoipenda zaidi, ifanye mpaka ushibe, halafu rudi. Usije kulipa, hakuna wa kulipwa hapa. Rudi kwa sababu nakutaka. Nimetafuta sababu nyingine ya kuandika, ya maana zaidi, ya kumfaa msomi, na sikuiona. Nakutaka tu.

Mama yako